Mbolea ya maji ya majani: ilikotoka, na kwa nini "ni majani tu" si jibu

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wakulima wa bustani hapa Nansio ni hili: "Bwana shamba, mimi sitii samadi kwenye pipa langu, natia majani tu. Sasa hatari iko wapi?" Ni swali zuri, na linastahili jibu refu kuliko lile la kusimama njiani. Mbolea ya maji ya majani, ambayo wengine wanaiita chai ya mboji, haikuzaliwa pamoja na udongo wetu. Ina safari yake, na ukiifuata safari hiyo utaona mahali hasa ambapo hatari iliingia.

Tuanzie jirani, Ukara. Mwaka 1936 maofisa wawili wa kilimo, Thornton na Rounce, walichapisha makala kuhusu kilimo cha Wakara katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records. Waliyoyakuta yaliwashangaza. Kisiwa kidogo, udongo wa mchanga uliotokana na mawe ya matale, watu wengi waliobanana, na bado uwele ulivunwa mwaka hata mwaka kwenye shamba lile lile bila kulipumzisha. Kwingineko katika nchi, shamba la namna hiyo lingekuwa limechoka na kuachwa zamani.

Siri yao ilikuwa kazi. Ng'ombe walifungwa ndani, kwenye sehemu ya nyumba iliyochimbwa chini kama shimo. Waliletewa nyasi na majani ya miti, na mabaki yalibaki chini yao yakikanyagwa pamoja na mavi na mkojo. Shimo lilipojaa, samadi ilitolewa na kubebwa kwa vikapu kichwani hadi shambani. Juu ya hapo, katikati ya uwele ulioanza kukomaa walipanda mmea wa jamii ya marejea. Uwele ukivunwa, ule mmea unabaki unakua, halafu unafukiwa ardhini kabla ya msimu unaofuata. Haya ni mambo ambayo leo tunayafundisha kwenye semina kwa jina la "kilimo hai" kana kwamba yameletwa na ndege.

Serikali ya kikoloni ilitamani kuona utaratibu huo ukienea Usukuma yote, lakini haukuenea. Hata Wakara wenyewe, waliohamia Ukerewe au bara walikokuta ardhi ya kutosha, wengi waliuacha. Mtaalamu wa Kijerumani, Ludwig, aliyeandika juu ya Ukara mwaka 1968, alieleza sababu bila kuzunguka: kazi ni nyingi mno kwa mavuno yanayopatikana, na mtu mwenye nafasi ya kufungua shamba jipya hawezi kujitesa hivyo. Mimi siwalaumu.

Sasa tazama kitu kimoja katika utaratibu ule wa Ukara. Samadi ilikaa shimoni muda mrefu, ikaenda shambani, ikafukiwa. Marejea yalifukiwa. Kati ya kufukia na kuvuna ilipita miezi. Na kilichovunwa kilikuwa nafaka iliyokaa juu kabisa kwenye suke, ikakaushwa juani, ikasagwa, ikapikwa ugali. Kijidudu cha maradhi kilichotoka kwenye mavi ya ng'ombe kingepaswa kupita vizuizi vitano au sita kabla ya kumfikia mtoto. Hakuna aliyewafundisha Wakara habari za bakteria. Muda ndio uliofanya kazi hiyo.

Hatua ya pili katika safari hii ni mboji. Mwingereza Albert Howard alikuwa akifanya kazi Indore, India, na mwaka 1931 alitoa kitabu kilichoeleza namna ya kupanga tabaka za majani, samadi na udongo kwenye lundo, kulimwagilia na kuligeuza. Njia yake ilifika Afrika Mashariki haraka. Mwaka 1933 shamba moja la wazungu karibu na Kiambu, Kenya, lilikuwa tayari linaitumia. Jambo kubwa katika lundo la mboji ni joto. Lundo lililopangwa vizuri linachemka lenyewe hadi kupita nyuzi 55, kiasi kwamba ukichomeka fimbo katikati na kuichomoa, huwezi kuishika vizuri. Joto hilo, likikaa siku kadhaa na lundo likageuzwa ili pembeni paje katikati, linaua vijidudu vingi vya maradhi, mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Hapa tena, muda na joto.

Pipa lilikuja baadaye. Kuanzia miaka ya 1980 mashirika ya kilimo hai katika ukanda wetu, kama Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya inayojulikana kwa kifupi KIOF, yalifundisha wakulima wadogo kujaza majani kwenye gunia, kulifunga, kulizamisha ndani ya pipa la maji kwa jiwe, kulikoroga kila siku, na baada ya wiki mbili hivi kuyachanganya maji yale na maji safi mpaka yafanane rangi na chai nyepesi. Miaka ya 1990 ukaja umaarufu wa tithonia, yale majani yenye maua ya njano kama alizeti yanayoota kando ya barabara. Watafiti waliokuwa Maseno, upande wa Kenya wa ziwa letu, walipima wakakuta majani yake makavu yana nitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu asilimia 4. Hizo ni namba kubwa. Lakini kumbuka kwamba kazi kubwa ya Maseno ilikuwa juu ya majani mabichi yanayofukiwa ardhini kabla ya kupanda mahindi, yaani namna ile ile ya Ukara. Watu walichukua jani kutoka huku na pipa kutoka kule, wakaviunganisha.

Na pipa lilipendwa kwa sababu linaokoa kile kilichowashinda wahamiaji wa Ukara, yaani jasho. Mama mmoja na ndoo yake anaweza kulisha bustani nzima ya sukuma wiki asubuhi moja, na mimea inageuka kijani ndani ya wiki. Siwezi kumwambia aache. Lakini angalia vizuizi vilivyoondoka. Pipa halichemki; linakaa vuguvugu kama maji ya kuoga. Wiki mbili badala ya miezi. Juu ya jani badala ya ndani ya udongo. Na mazao si uwele tena, ni saladi, karoti, matango na nyanya za kachumbari zinazoliwa jioni ile ile bila kupita motoni.

Jambo hili liliwasumbua wenzetu wa Marekani pia, ambako chai ya mboji ilivuma sana mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2004 jopo lililoundwa na bodi yao ya viwango vya kilimo hai lilitoa mapendekezo: tumia maji ya kunywa, tumia mboji iliyopitia joto, osha vyombo, na kama umeongeza chakula cha bakteria kwenye pipa, basi ama upime maabara au uhesabu chai hiyo kama samadi mbichi. Chakula cha bakteria ni vitu kama molasi au sukari, ambavyo watu hutia ili pipa "liamke" haraka. Mwaka 2007 watafiti wawili wa serikali yao, Ingram na Millner, walichapisha matokeo ya majaribio. Walitia makusudi kiasi kidogo cha bakteria wa E. coli na Salmonella kwenye chai. Bila vile virutubisho vya kuongeza, wadudu hao hawakuzaliana. Palipotiwa virutubisho walizaliana, iwe pipa linapulizwa hewa au halipulizwi. Kwa hiyo ile sukari guru unayoambiwa utie ili mbolea "iive" inalisha wote, wazuri na wabaya, na wewe huna macho ya kuwatenganisha.

"Lakini mimi natia majani tu." Naam, sasa tufike hapo.

Mwaka 2011 Ujerumani ilipatwa na mlipuko mbaya wa E. coli. Karibu watu 4,000 waliugua, zaidi ya 50 walikufa, na mamia figo zao zilishindwa kazi. Mwanzoni matango ya Hispania ndiyo yaliyoshutumiwa, na wakulima wa Hispania waliyamwaga kwa malori. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba chanzo ni machipukizi ya uwatu, mbegu zilizoloweshwa na kuoteshwa kwa ajili ya saladi, kutoka shamba moja la kilimo hai kaskazini mwa nchi hiyo. Humo hapakuwa na shimo la ng'ombe, zilikuwa mbegu na maji na uvuguvugu. Kiasi kidogo mno cha bakteria waliobebwa na mbegu kilipata mahali pa kuzaliana.

Sasa jiulize majani yako yametoka wapi. Tithonia iliyokatwa kando ya njia wanakopita mbuzi. Magugu yaliyong'olewa nyuma ya nyumba wanakozunguka kuku na bata, na wakati mwingine watoto wadogo wanakojisaidia. Na maji je? Wengi wetu tunachota ziwani. Ziwa letu ni zuri, lakini ndilo linalofulia, kuogea, kunyweshea mifugo na kupokea kila kinachosombwa na mvua kutoka vyooni visivyo na mashimo mazuri. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulizunguka mikoa mingi ya nchi hii kwa njia hiyo ya maji na chakula. Kwa hiyo pipa la "majani tu" lililojazwa maji ya ziwa si la majani tu.

Kuna na kichocho, ambacho visiwa vyetu vinakijua kuliko sehemu nyingi duniani. Kichocho hakitakupata kwa kula mchicha, kitakupata kwa kusimama majini ukichota, au kwa kunawa maji mabichi yaliyotoka kwenye majani yenye konokono. Maji yakikaa kwenye chombo kisicho na konokono siku mbili kabla ya kuyagusa, vijidudu vyake vinakuwa vimekufa. Hilo ni jambo dogo la kufanya kwa mtu mwenye pipa la pili.

Nihamie kwenye hatari nyingine kabisa, ile ya mmea wenyewe. Utupa mnaujua. Wazee wa ukanda huu wa maziwa walitwanga majani yake na kuyatia kwenye maji yaliyotulia, samaki wakaelea. Sumu iliyomo ni rotenoni. Jina hilo alilitoa mwanakemia Mjapani, Nagai, mwaka 1902, alipoitenga kutoka kwenye mmea mwingine wa kuvulia samaki huko Taiwan ulioitwa roten. Inazuia mwili kutumia hewa, na samaki wanaipata upesi kupitia matamvua. Kuvua kwa sumu kumekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na sioni kwamba sheria itamuuliza mtu kama sumu ilitoka dukani au kichakani.

Utupa huo huo ni dawa ya wadudu, na kwa hakika inafanya kazi. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, walichapisha kazi waliyoifanya kaskazini mwa Tanzania kwenye maharage. Maji ya utupa, ya tithonia na ya mimea mingine ya pembezoni mwa shamba yalipunguza wadudu waharibifu, na wadudu rafiki walidhurika kidogo kuliko walipopigwa dawa ya kiwandani. Ni habari njema. Lakini maharage yale yamo ndani ya ganda, yanakaushwa na kupikwa, na shamba halikuwa hatua ishirini kutoka kwenye maji wanakozalia sato. Tena utupa una aina zinazofanana kabisa kwa macho, moja ina rotenoni na nyingine haina, kwa hiyo jirani yako anaweza kukuapia kwamba hauna nguvu, nawe ukachuma wenye nguvu.

Kuhusu binadamu, mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa panya rotenoni kupitia mshipa kwa muda, wakapata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Mshipa wa panya si bomba la kupulizia, ni kweli. Lakini mwaka 2011 uchunguzi kwa wakulima wa huko ulikuta waliowahi kutumia rotenoni walikuwa na ugonjwa huo mara mbili na nusu zaidi ya wasioitumia. Mimi hilo linanitosha kuvaa glavu na kufunika pua, na kutotia utupa kwenye pipa la mbolea hata kidogo. Dawa ya wadudu iwe na dumu lake, mbolea iwe na pipa lake. Tumbaku nayo ni hivyo hivyo: nikotini hupita kwenye ngozi, na mtu aliyelowa maji ya tumbaku mgongoni kwa bomba linalovuja anaweza kutapika na kuzimia.

Tumbaku ina hadithi ya ziada inayowahusu wenye nyanya. Mwaka 1886 Adolf Mayer, akifanya kazi Wageningen, Uholanzi, alisaga majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa mabaka, akatia maji yake kwenye tumbaku nzima, nayo ikaugua. Mwaka 1892 Mrusi Ivanovsky aliyachuja maji ya namna hiyo kwenye chujio laini la kauri lisilopitisha bakteria, na bado yaliambukiza. Hapo ndipo dunia ilipoanza kujua kwamba kuna virusi. Nyanya na pilipili hoho zinaugua kirusi hicho hicho, na kinakaa kwenye majani makavu ya tumbaku miaka mingi. Kwa maneno mengine, virusi viligunduliwa na watu waliotengeneza chai ya majani yaliyougua. Ukitia mabaki ya nyanya zenye mnyauko au mabaka kwenye pipa, ukayarudisha bustanini, unarudia jaribio la Mayer kwa gharama yako.

Na marejea? Padre Gerold Rupper, Mbenediktini wa Peramiho, aliyapigia debe sana miaka ya 1980, na wakulima wengi wa kusini waliyajua kupitia kwake. Kwa udongo ni mmea wa kuaminika. Ila jamii yake ni kubwa. Aina nyingine huliwa kama mboga, ndiyo mitoo ya Waluo, na nyingine, hasa mbegu zake, zina sumu inayoharibu ini. Mwaka 1975 huko India watu walikufa baada ya mbegu za aina moja kuchanganyika na nafaka yao. Kwa hiyo ukiyatumia, yakate kabla hayajazaa, na uyafukie. Kwetu tunaokula muhogo mchungu hili si geni. Mwaka 1985 kule Tarime, wakati wa ukame, watu walifupisha siku za kusindika muhogo kwa sababu ya njaa, na baadhi yao walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Muhogo ulikuwa ule ule wa siku zote, kilichopungua ni siku.

Basi ukirudi kwenye pipa lako kesho, mimi ningefanya hivi. Ningemwaga mbolea ya maji kwenye udongo, kando ya shina, sio juu ya majani. Kanuni ya Wamarekani kwa samadi mbichi ni siku 90 kabla ya kuvuna, na 120 kwa mazao yanayogusa udongo. Mchicha hauishi hata siku 40, kwa hiyo hesabu haiingii. Kwa mchicha na chainizi mbolea hii iende kwenye tuta kabla ya kupanda, ukiichanganya na udongo, na baada ya hapo maji safi peke yake. Kwa mahindi, migomba, michungwa na miembe, tumia kwa raha. Kwa chochote kinacholiwa kibichi, tumia mboji iliyopata joto, achana na pipa. Molasi usitie. Pipa lisiwe lililobeba dawa za pamba. Lifunikwe kwa kitu kizito, maana mtoto wa miaka miwili anazama kwenye maji ya magotini. Nawa kwa sabuni baada ya kukoroga, na ndoo ile isirudi jikoni.

Pipa likae mbali na ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazungumzia mita 60 kutoka ukingoni, na najua, nanyi mnajua, bustani ngapi ziko ndani ya hizo mita 60 wakati wa kiangazi. Basi angalau pipa lisiwe humo. Mbolea inayotiririka ziwani inalisha magugu maji, na utupa unaotiririka unaua vifaranga vya samaki wa jirani yako.

Wafanyabiashara, neno langu kwenu ni fupi. Mchicha uliokuja msafi hauna budi kubaki msafi. Kuunyunyizia maji ya ziwa mezani ili ung'ae kunafuta kazi yote ya mkulima. Na wale wanaoanza kuuza mbolea hii kwenye chupa za soda: mbolea inayouzwa inatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, chini ya sheria ya 2009, na dawa ya wadudu, hata ya majani, ina mamlaka yake, TPHPA. Kutengeneza kwa shamba lako ni jambo moja, kuuza ni jingine. Isitoshe, chupa iliyofungwa ikiwa bado inachachuka hujaa gesi, na kwenye joto la kibandani hupasuka. Kama ni lazima uihifadhi kwa ajili yako mwenyewe, legeza kifuniko, andika kwa maandishi makubwa ni nini na ya tarehe gani, na uiweke mahali ambapo mtu mwenye kiu hatadhani ni juisi ya ukwaju.